Pazia la Nyumba ya Kona

Mwanamke mmoja alimkuta Waya juu ya spika, miguu inaning'inia, bisibisi ameing'ata kwa meno.

"Samahani," alisema kutoka chini. "Namtafuta fundi wa mitambo. Nimeambiwa anaitwa Waya. Nadhani ni kaka mmoja hivi."

Debe, mpiga ngoma, alikuwa amelala chali jukwaani akijifanya anakagua paa. Alicheka mpaka akakohoa. "Ndiye huyo juu yako, dada. Ndevu kanyoa leo asubuhi."

Waya akatoa bisibisi mdomoni. "Usimsikilize huyo. Hata ngoma zake hazimsikilizi. Waya ni mimi, wala si kaka. Karibu, ngoja nishuke."

Akarukia kreti, kisha chini, akijifuta mikono kwenye suruali. Mgeni alikuwa mzuri, uzuri wa kutulia usiopiga kelele. Alivaa gauni la rangi ya majivu, na begani alining'iniza kisanduku cheusi kigumu ambacho fundi yeyote wa sauti angekitambua akiwa ng'ambo ya barabara. Alikiweka chini taratibu, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Waya akampenda hapo hapo. Wanaojali mashine namna ile ni wachache.

"Nimekuja kushika meza ya sauti," mgeni alisema. "Kwa Chiriku tu. Waimbaji wengine wote ni wako."

Waya bado alikuwa anatabasamu. "Chiriku ana fundi wake, dada. Anaye tangu sauti yake inabalehe."

"Ndiyo. Ameniambia. Lakini tangu alipohamia kule kwetu, mimi ndiye ninayemshikia."

Akainua mkono kusogeza nywele zilizomwangukia usoni, na jua la mchana likaigonga pete ya uchumba kidoleni mwake.

Debe akaacha kucheka. Alikaa kitako, akaanza kuzikagua fimbo zake za ngoma kana kwamba anaziona kwa mara ya kwanza maishani.

Waya aliitazama ile pete, akautazama ule mkono, akatazama pembeni. Aliyetoka pale akiahidi kurudi na wazee wa kupeleka posa ndiye Chiriku huyo huyo. Siku ya tamasha, alisema. Nikirudi siku ya tamasha, Waya wangu, narudi na wazee.

"Amefika?" ndilo neno pekee lililotoka.

"Yuko kwa bibi yake." Mgeni alisita. "Kuna jambo lingine. Nasikia mna kitu mnakiita pazia. Mnazima spika katikati ya wimbo. Chiriku anaomba leo kisiwepo."

"Anaomba?"

"Anaomba sana."

Debe alishindwa kuvumilia. "Tamasha hili bila pazia, si bora tukae nyumbani tusikilize redio?"

Na kwa kweli hakutia chumvi.

Tamasha lile halikuanzishwa na mtu yeyote mwenye tai. Lilianza kwenye kichochoro cha nyuma ya udobi wa mama yake Waya. Palikuwa na kijana mwembamba mwenye gitaa lililokosa uzi, rafiki yake anayepiga debe la mafuta, na msichana aliyepitisha waya dirishani ili spika moja iliyochakaa ipate umeme. Majirani walitoka na vigoda. Jumamosi iliyofuata kichochoro cha pili kikaiazima ile spika. Kisha watu wakaanza kukaa barabarani kabisa, madereva wakapiga honi mpaka wakachoka, wakazima magari na kuja kucheza. Sasa lilikuwa limehamia uwanja wa maghala ya zamani, mwisho wa mtaa ule ule, na watu walikuja kutoka miji ambayo Waya hajawahi kuikanyaga. Hata hivyo hapakuwa na bango la mfanyabiashara, wala viti vya wakubwa. Kila mtu alikuja na kigoda chake.

Pazia lilianza siku ile ile ya kwanza. Nyumba ya kona, mkabala na udobi, alikaa bibi yake Chiriku. Muziki ulipokolea, watu waliona mkono wa Bibi ukivuta pazia la dirisha lake kwa nguvu. Kila mtu akajua mkubwa amekasirika. Waya akachomoa waya. Lakini watu hawakutawanyika. Walishusha sauti tu, wakaendelea na wimbo kwa midomo na viganja, polepole, kama wanaombembeleza mtoto. Chiriku, asiye tena na kipaza sauti, alisogea ukutani alipokuwa Waya, akaimba ubeti wa mwisho karibu na sikio lake. Wimbo ulipokwisha, pazia likafunguka. Waya akachomeka waya, na tangu hapo hakuwa tena yule aliyeuchomoa.

Kuanzia siku hiyo neno likaingia mtaani. Pazia likifungwa, spika zinazimwa. Halijafunguliwa, hakuna anayewasha. Hata walipohamia uwanjani, dirisha lile lilionekana juu ya ukuta.

"Nitazungumza naye mwenyewe," Waya alimwambia mgeni. Akaokota bisibisi yake, akaenda.

* * *

Mlango wa nyumba ya kona ulifunguliwa na mama yake Chiriku. Alisimama katikati ya kizingiti, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na spana leo?"

"Ni bisibisi, mama. Nimekuja kumwona Bibi."

"Bibi anapumzika. Kesho anasafiri. Mwanawe mkubwa anakuja kumchukua akakae kwake, hapa ngazi zimemshinda." Alishusha sauti, ikawa karibu ya upole, na upole ule ulichoma kuliko matusi. "Na umeshamwona mkwe wangu, naona. Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Unafanya kazi kwa bidii. Lakini mke wa mtu hapandi juu ya spika watu wakimtazama toka chini."

"Yule naye ni fundi wa sauti, mama. Kazi yetu ni moja."

"Yeye anaifanya amekaa."

Waya hakujua acheke au alie. Kabla hajachagua, sauti ya kizee ikatoka chumbani. "Nani huyo mnayemhoji mlangoni kama polisi? Ni Waya? Mwacheni apite, namjua kwa harufu ya risasi ya kuchomea nyaya!"

Chumba cha Bibi kilikuwa kimefungwafungwa. Masanduku mawili yalikaa mlangoni. Kitanda, kiti, na lile pazia la maua ya bluu yaliyopauka ndivyo vilivyobaki mahali pake. Bibi alikuwa kwenye kiti, uso dirishani, ingawa macho yake siku hizi yalitenganisha mwanga na giza tu.

"Kaa hapa chini mjukuu wangu. Umekonda. Yule Chiriku kaja, kanibusu, kakaa kimya kama aliyenyonywa maneno. Namuuliza, ananigusa mkono. Mmegombana?"

"Bado, Bibi."

Bibi alicheka kwa pua. "Hilo ndilo jibu. Sikiliza. Kesho wananibeba kama furushi. Huko niendako dirisha linaangalia ukuta, nimeambiwa. Kwa hiyo nikuambie jambo kabla halijanitoka. Ninyi wote mnadhani siku ile nilikasirika."

"Siku gani?"

"Siku ya kwanza ya pazia."

"Si ulikasirika? Ulilivuta mpaka pete za juu zikalia."

"Jua!" Bibi alipiga goti lake. "Jua lilikuwa linanipiga machoni, lile la jioni linalokuja moja kwa moja. Nikavuta pazia nisipofuke. Na ninyi wapumbavu mkazima muziki!"

Waya alitoa macho. Kisha akacheka, cheko lililomponyoka bila ruhusa, la kwanza tangu aione ile pete. Tamasha zima, maelfu ya watu kila mwaka wanashusha sauti kwa heshima ya bibi kizee aliyekasirika, kumbe ni jua.

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Niseme nini? Mlipozima, nikamsikia mjukuu wangu. Kabla ya hapo lile dude lenu lilikuwa linamtafuna. Nasikia mlio, yeye simsikii. Siku ile nikamsikia kama vile marehemu babu yake alivyokuwa akiita kutoka uani. Nikajua kumbe swichi ninayo mimi hapa." Aliushika ukingo wa pazia, akausugua kwa vidole. "Macho yamekwenda. Sura yake siioni tena. Sauti ndiyo mtoto niliyebaki naye. Leo nitalifunga, Waya. Nataka mkono wako kwenye swichi, usimpe mwingine. Na usiuondoe mpaka nifungue. Unakumbuka mwaka ule mlipokwenda zenu kunywa soda, mkamwachia yule mwenye ngoma?"

"Debe."

"Aliwasha mapema. Nikakosa kipande cha mwisho, na mimi nakaa kwa ajili ya kile kipande. Niahidi."

"Nakuahidi, Bibi."

Ahadi yenyewe ilikuwa ndogo, ya mkono na swichi. Aliitoa bila kufikiri, kama unavyompa mtu mzima maji.

* * *

Alimkuta pale alipojua atamkuta. Kwenye kichochoro cha udobi, kati ya mashuka meupe ya watu, yaliyoanikwa safu kwa safu na kulowesha hewa kwa harufu ya sabuni. Alimjua kwa viatu vyake chini ya shuka.

"Chiriku."

Shuka likasogezwa. Alikuwa yeye yule, bega moja juu kuliko jingine kwa kubeba gitaa, na macho yale yanayoomba msamaha hata kabla hujajua kosa. Waya alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi. Yote yakayeyuka kwa jinsi alivyomtazama.

"Waya wangu," alinong'ona.

"Usininong'oneze. Mimi si siri yako." Kisha kwa uchungu, "Au ndiyo?"

Alitikisa kichwa, akamkamata mkono. Kiganja chake kilikuwa cha joto, kiganja kile kile. Waya aliuchomoa wake, pole pole kuliko alivyokusudia.

"Nimemwona. Ni mzuri, ana adabu, anajua kazi. Basi nilitaka nimchukie na hata hilo umeninyima. Sema jambo moja. Sema kwa sauti nisikie."

Chiriku alifumba macho. Kisha akasema, "Samahani," na mlio uliotoka haukuwa wa mtu. Ulikuwa mkwaruzo, kama kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya chumba cha pili.

Kitu cha kwanza ambacho akili ya Waya ilifanya ni kazi yake ya kila siku. Ilitafuta waya uliolegea. Aliangalia huku na huku kweli, kana kwamba kuna mtambo. Ndipo alipoelewa, akaweka mkono mdomoni.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zile. Nilikuwa studio. Ikakatika tu, kama uzi." Alisema kwa vipande, akipumzika kati ya neno na neno. "Daktari kakataza kupaza. Nikiitunza, huenda ikarudi. Huenda."

"Na ukawa unaniandikia kila Jumapili kwamba mtandao ni mbovu, tuchati tu."

"Ndiyo."

"Kumbe mtandao ulikuwa koo lako." Machozi yalimtoka sasa na hakuyafuta. "Yeye ulimwambia."

"Alikuwa mezani ilipokatika. Sikumwambia. Alisikia."

"Na mimi nisingesikia? Mimi ninayejua umekula nini kwa namna unavyovuta pumzi?"

"Ndiyo maana!" Alijaribu kuinua sauti, ikamgeuka, akakohoa, akajishika koo. "Wewe uliipenda hii. Ile siku, ukutani. Kabla ya hapo hata jina langu hukuniita."

Kilichomuuma Waya ni kwamba Chiriku hakuwa mwongo kabisa.

"Nilianzia kwenye sauti," alisema. "Nimekaa kwa ajili yako. Siku ulipougua ukawa huna hata sauti ya kuomba maji, nani alikaa kitandani kwako? Mjinga wewe."

Maji yalidondoka kutoka kwenye mashuka. Ng'ambo ya ukuta, watu walikuwa wameanza kupita na vigoda vyao, wakicheka, wakiitana kwa majina ya mitaa waliyotoka.

"Leo unaimbaje, basi?"

Alielekeza kidole upande wa uwanja, kwenye kile kisanduku cheusi. "Sauti yangu ya zamani imo mle. Ataiachia. Nitafungua mdomo."

"Mbele ya mtaa wetu."

"Wasijue. Waya, nimetoka hapa nikiwa chiriku, siwezi kurudi kunguru." Alipiga magoti kabisa, pale kwenye matope ya maji ya sabuni, akamshika mikono yote miwili. "Ile pete ni ya mama. Alinikuta chini, sina kazi, sina sauti, akanichagulia. Nilikubali kama mgonjwa anavyokubali uji. Nipe leo tu. Usizime. Nipe leo nitoke na heshima, na kesho namwambia mama ukweli, pete inarudi, wazee wanakuja kwenu. Kesho. Nakuapia."

Lo, jinsi alivyotaka! Kila mfupa wake ulisema ndiyo. Alijiona kesho, mama yake amevaa gauni lake jema, wazee wamekaa kwenye viti vya udobi wakikwepa maji ya mashuka. Kitu kidogo tu, kuacha swichi ilivyo.

"Bibi anachukuliwa kesho," alisema. "Hakuoni tena. Anataka akusikie."

"Atanisikia. Kwenye spika. Ile nzuri."

"Hiyo ndiyo asiyoitaka." Naye akapiga magoti, wakawa uso kwa uso. "Hebu nisikilize. Nikizima, simama tu uimbe kwa chini. Pazia ni wimbo wa chini, hakuna anayepaza. Mstari mmoja. Hata ukikwaruza, huu ni mtaa wako, walikusikia ukiimba na gitaa bovu. Watakubeba."

"Watanihurumia."

"Basi wakuhurumie! Kuna ubaya gani kuhurumiwa na watu wako?"

Chiriku aliachia mikono yake. Alisimama, magoti yakidondosha matope, na uso wake ukafungwa kama duka.

"Ukizima," alikwaruza, "mimi na wewe hata salamu."

Akapita kati ya mashuka, safu baada ya safu, mpaka meupe yakamfunika.

* * *

Jua lilikuwa limeanza kuinama, lile jua la jioni linalokuja moja kwa moja. Uwanja ulijaa mpaka ukutani. Chiriku alipopanda jukwaani, watu walimlaki kwa kelele za kumtambua mwana aliyerudi, na akina mama wa mtaa wakasimama juu ya vigoda vyao.

Mgeni alikaa upande wa kulia wa meza, kisanduku wazi mbele yake. Waya alikaa kushoto, mkono karibu na swichi kuu ya spika. Hawakutazamana.

Sauti ilipotoka, Waya alifumba macho. Ilikuwa yenyewe, safi, inayopanda bila kujikaza. Aliijua kila pumzi yake. Alijua pia kwamba ilikuwa imekufa.

"Umeirekodi vizuri," alisema.

"Nilikuwa sijui kama naihifadhi." Mgeni aligusa kitufe kimoja, kidogo tu, kwa ustadi. "Amekuambia pete itarudi?"

Waya alifumbua macho.

"Na mimi aliniambia kuna mtu nyumbani," mgeni aliendelea, akiangalia jukwaani. "Kwamba akifika atamaliza naye. Nadhani anasema kweli kila anaposema. Ndiyo shida yake."

"Na bado unamtaka?"

"Na wewe?"

Walicheka wote wawili, kicheko kikavu kisichofika machoni.

Ng'ambo ya ukuta wa uwanja, kwenye nyumba ya kona, mkono mwembamba ukashika pazia la maua ya bluu. Likavutwa. Mtu mmoja aliliona, akapaza sauti, na uwanja mzima ukapokea: "Pazia! Pazia jamani!"

Jukwaani, mdomo wa Chiriku uliendelea kufuata maneno, lakini macho yake yalikuwa mezani. Yalikuwa yanaomba.

Mgeni akaondoa mikono yake juu ya kisanduku, akaiweka mapajani. "Mimi sitakuzuia," alisema. "Lakini sitakusaidia."

Waya alishika swichi. Ilikuwa ya baridi. Akafikiria wazee kwenye viti vya udobi. Akafikiria dirisha linaloangalia ukuta.

Akazima.

Ile sauti nzuri ikatoweka kama taa. Mdomo wa Chiriku ulibaki ukienda, neno moja, neno la pili, bila mlio, kisha ukasimama. Debe alikuwa ameinua fimbo, akasahau kuishusha. Hapakuwa na aliyezomea. Ilikuwa mbaya zaidi ya kuzomewa. Uwanja mzima ulielewa kwa pamoja, polepole, na ukimya ukashuka mzito kiasi kwamba Waya alisikia maji ya mashuka yakidondoka kichochoroni, au alidhani anayasikia.

Chiriku alitazama dirisha la kona. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akakiweka kipaza sauti sakafuni, akasogea ukingoni mwa jukwaa, akaimba.

Ulikuwa mkwaruzo. Mstari mmoja, wa chini, uliochanika katikati. Kwenye ule mpasuko mwanamke mmoja mbele akaudaka wimbo, kama unavyomdaka mtu anayeteleza, na nyuma yake wengine, na wengine, kwa chini, viganja mapajani, mpaka uwanja ukawa unaunguruma kama mtu mmoja anayembembeleza mtoto. Chiriku aliendelea. Ulipomshinda walimbeba, na alipopata pumzi wakampisha. Ubeti wa mwisho aliuimba peke yake. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni.

Waya alilia bila kelele, mkono kwenye swichi.

Wimbo ukaisha. Watu wakageuka kulitazama dirisha, wakingoja.

Pazia halikufunguka.

Chiriku aliteremka jukwaani. Watu walimnyooshea mikono kumgusa, naye hakuwaona. Alikuja moja kwa moja mezani, akasimama mbele ya Waya, na mama yake akiwa anakuja mbio nyuma yake, kitambaa kichwani kimemwenda upande.

"Umeridhika?" alikwaruza.

"Kaa hapa na mimi," Waya alisema. "Kaa tu."

"Sikai hapa. Wewe njoo." Alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi. "Ulitaka nisijifiche. Basi twende sasa hivi, mbele ya mama, mbele ya huyu, mbele ya wote. Inuka twende."

Mama yake alifika akihema. Mgeni aliinamisha uso.

Waya aliutazama mkono ule. Maishani hakuwa ameona kitu alichokitaka kuliko kile kiganja. Kisha akainua macho dirishani. Maua ya bluu yalikuwa bado yamefunga, yamepigwa na jua.

"Ngoja afungue," alisema. "Dakika moja, Chiriku. Nilimwahidi siondoi mkono mpaka afungue. Afungue tu, nakuja popote."

"Hata sasa?"

"Ngoja kidogo tu. Nakuomba."

Alingoja. Waya atakumbuka daima kwamba alingoja, kwamba hakuwa mtu mbaya. Pazia halikutikisika. Nyuma ya kitambaa kile kizee labda palikuwa na mtu anayetafuta leso kwa kupapasa, asiyejua kwamba nje kuna mkono ulionyooshwa, unaochoka.

Ule mkono ukashuka.

Chiriku akageuka, akawapa kisogo. Mama yake akamshika kiwiko. Mgeni alifunga kisanduku chake taratibu, klipu moja, klipu ya pili, akasimama, akasita kana kwamba anataka kusema kitu, kisha akawafuata. Umati uliwapasukia njia. Bega lile lililo juu kuliko jingine lilionekana kwa muda kati ya vichwa vya watu, karibu na lango, kisha Waya hakuliona tena.

Debe alimwita kutoka jukwaani, kwa sauti ya chini. "Waya. Nenda, bwana. Nitashika mimi."

"Kaa kwenye ngoma zako," Waya alisema.

Hakuondoa mkono. Watu walingoja pamoja naye, kimya, vigodani mwao, na jua likazidi kuinama mpaka likaacha dirisha.

Ndipo pete za pazia zikalia, na maua ya bluu yakasogea pembeni. Uso wa Bibi ulikuwa umelowa, umeinuliwa kuelekea kwenye mwanga asiouona, unatabasamu.

Waya akawasha, kwa mkono wake.